Ukishindwa, Nipe Mji

Kadi ya kwanza ilikuwa dubu.

"Mzee, huyu ni nani?" aliuliza muuguzi, akaiinua kadi mpaka usawa wa macho ya baba.

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki barazani kwetu, kijijini Kiegeani, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Ilikuwa wiki ya sita tangu kiharusi kimwangushe akiwa anatia kiraka wavu. Akaitazama ile kadi kwa adabu, kama anavyotazama vitu vyote vya wageni, halafu akanitazama mimi. Muuguzi akaandika kosa kwenye daftari. Kadi ya pili ilikuwa pengwini. Kosa. Ya tatu tofaa jekundu lenye jani moja. Kosa. Ya nne ilikuwa nguruwe, na hapo baba akageukia ukuta kabisa. Muuguzi akaandika kosa la nne, akaweka kalamu chini, akaniambia kwa upole kwamba maneno ya mzee yameondoka mengi kuliko alivyodhani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na hasira zangu zinakaa karibu. Nilimwambia kwamba baba yangu amevua samaki tangu hajaota ndevu, hajapata kuonana na dubu, na huyo wa nne hata akimjua hamtaji. "Na mimi mwenyewe," nikasema, "huyo ndege aliyevaa koti ningemwita bata. Niandikie kosa na mimi!"

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mnene, mtu wa Njombe, aliyeletwa kisiwani na ajira akabaki kwa kupenda. Nilitegemea anune. Badala yake alizikusanya kadi zake, akazitazama moja moja, akaanza kucheka mpaka mabega yakamtikisika. Akasema kadi hizo alipewa kwenye semina, na dubu hata yeye hajamwona.

"Basi, mwalimu," akasema, "nitafutie za kwake."

Tuko wawili kwa baba, mimi na mdogo wangu wa kike. Mama alitangulia zamani. Wakati huo mdogo wangu alikuwa ng'ambo, kisiwa cha Juani, akiishi kwa shangazi na kulima mwani, na huko huko Juani alipata mchumba. Posa ilikwishapokelewa kabla baba hajaugua, na harusi ilipangwa iwe baada ya Idd Kubwa. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inangoja furaha huku imekaliwa na ugonjwa, na kila mgeni aliyeingia hakujua aanze na hongera au na pole.

Kilichonitia uchungu ni namna maneno yalivyochagua ya kubaki na ya kuondoka. Ukimwamkia baba shikamoo, marahaba ilitoka nzima. Fatiha aliisoma mpaka mwisho bila kuangusha herufi. Lakini akiwa na kiu hakuweza kusema maji. Na majina ya watu yalikuwa yamekwenda yote: la ndugu yake, la mdogo wangu, langu. Akinitaka alinyoosha mkono wa kushoto na kusema "huyu, huyu," kisha akakasirika, kwa sababu alijua vizuri sana anamtaka nani. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namvalisha, namlisha kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Nilitamani aniite kwa jina langu hata kama ni kwa kunigombeza.

Siku ile ile ya kadi nilimwandikia mdogo wangu kwenye simu. Nikamwambia maji ya bahari yakitoka apige picha kila kiumbe anachokikuta kwenye kamba za mwani na kwenye madimbwi ya mawe, na asiniletee vya kawaida. Nilimjua baba. Ukimwonyesha changu au tasi ataona unamfanya mtoto mchanga. Nilitaka viumbe ambavyo wanaovijua ni watu wa majini peke yao, au hata vinavyojulikana, lakini vimepigwa picha kwa upande ambao hakuna anayeutazama. Mdogo wangu akajibu kwa kuuliza kama na mimi nimepata kiharusi. Kesho yake alasiri zikaja picha saba.

Muuguzi aliporudi tuliketi watatu barazani, baada ya sala ya alasiri. Nikachagua picha niliyoona ni ngumu kuliko zote: kitu cheupe kimejaa kioo chote, juu kina matundu mawili, chini kina mdomo mdogo uliopinda kama unataka kulia.

"Yesu wangu," akasema muuguzi, "mtoto huyo!"

Baba aliishika simu kwa mkono wake mzima, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Mdomo wake ukaanza kufanya kazi. "Nyenga," akasema. Kisha akatikisa kichwa kwa nguvu, akaishusha simu, akajipiga gotini. "Ta. Taa."

Alikuwa taa, yule samaki bapa, amegeuzwa chali juu ya mchanga, na lile lilikuwa tumbo lake. Lilikuwa jina la kwanza la kitu alilolitaja sawasawa tangu augue. Nilitaka kupiga kigelegele, lakini muuguzi alikuwa ameshika mkono wangu na kuubana. Baadaye, akivaa kofia ya pikipiki, alinieleza kwamba kilichomfurahisha zaidi ni lile kosa. Nyenga na taa ni ndugu. Mtu anayekosea kwa kutaja ndugu, akasema, bado yumo ndani ya mtaa wenyewe, hajapotea, mwachieni nafasi.

Ikawa desturi. Mara mbili kwa wiki, alasiri, muuguzi alikuja na picha zake na mimi na zangu. Za kwangu zilikuwa za bahari. Za kwake zilikuwa za wanyama wa nchi kavu, tena wa bara kule mbali, kwa sababu alikataa kuendelea kuaibika mbele ya mvuvi. Picha ya kwanza aliyoleta kwa kulipiza kisasi ilikuwa ya mnyama mwenye masikio ya sungura, pua ya nguruwe na mkia mnene, anafukua kichuguu. Baba alimtazama yule mnyama muda mrefu. Akanitazama mimi, mimi nikainua mabega. Akaanza kukunja uso, na nikaona hasira inakuja, ile ya kushindwa, ambayo ilikuwa ikimfanya afunge mdomo siku nzima.

Sijui kilichonifanya niseme nilichosema. Nadhani ni mazoea ya darasani, maana wanafunzi wangu wa darasa la pili nawategea vitendawili kila Ijumaa. Nikasema, "Umeshindwa. Nipe mji."

"Kilwa," akasema baba.

Neno lilitoka haraka, safi, bila kutafutwa. Mwenyewe alishtuka. Alikuwa ametegewa vitendawili na bibi yake, na kwa kila alichoshindwa alitoa mji kama watoto wote wa pwani, na inaonekana miji ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo ugonjwa haukufika. Mimi nikaupokea mji wangu kama inavyotakiwa. Nikasimama, nikajifunga kanga vizuri, nikasema, "Nilikwenda Kilwa, watu wa Kilwa wakanipokea kwa ngoma. Wakanipikia wali wa nazi na kolekole wa kukaanga, wakanitandikia godoro la pamba, na ninyi mliobaki huku mkala ukoko. Haya, muuguzi, huyu ni mnyama gani?"

"Muhanga," akasema muuguzi. Lakini macho yake hayakuwa kwenye picha. Alikuwa anamtazama baba, aliyekuwa anacheka kwa upande mmoja wa uso, machozi yakimtiririka.

Kuanzia hapo hiyo ndiyo ikawa sheria. Akijua, anataja mnyama. Asipojua, anatoa mji. Muuguzi alisema angekaa miaka asingebuni dawa ya namna hiyo, maana ndani ya mchezo huo mgonjwa hana njia ya kunyamaza. Na sheria ilitubana sote. Muuguzi aliposhindwa kumtambua dome, yule ndugu wa ngisi, au mayai ya ngisi au uso wa samaki mkunga, naye alitoa miji: Makete, Ludewa, Mafinga. Baba alikataa kuipokea. Alitikisa kidole. Kwake mji usiokuwa na bandari haukuwa mji.

Siku ya kakakuona sitaisahau. Muuguzi alileta picha ya kakakuona aliyejikunja, mgongo tu unaonekana, na baba akaisogeza karibu akatamka bila wasiwasi, "Samaki."

"Si samaki, mzee. Anaishi porini."

"Samaki," baba akarudia, akaanza kugonga kioo kwa ukucha. "Ma-gamba. Magamba!"

"Ana magamba, ndiyo, lakini ana miguu minne na anakula mchwa."

Baba alimtazama muuguzi kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Mpaka leo naamini hakumkubali. Alitoa mji, Lindi, kwa sababu ya adabu tu, na muuguzi alipomaliza kujisifu kwa safari yake ya Lindi, baba akasema tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeweka kumbukumbu sawa, "Samaki."

Mdogo wangu naye alizidisha bidii kule Juani. Alinitumia farasi bahari aliyejifunga mkia kwenye kamba ya mwani, akatuma samaki mwenye miiba, akatuma kiti cha pweza, kile chenye umbo la nyota, kilichokatika miguu miwili na kuanza kuotesha mingine. Mara moja akatuma kidudu kilaini, kirefu kama kidole, cha rangi ya zambarau chenye mstari wa rangi ya chungwa na kitu kama ua mgongoni. Baba hakukijua. Muuguzi hakukijua. Nikampigia simu mdogo wangu kumuuliza jibu, akasema jibu hana, amekiona ni kizuri akakipiga picha. Nilipomweleza baba hivyo alikasirika kweli kweli. Kutega fumbo usilokuwa na jibu lake!

"Si halali," akasema.

Maneno mawili yameshikana. Muuguzi hakuandika chochote kwenye daftari, alikaa tu akipepea uso wake kwa gazeti.

Majina ya watu peke yake ndiyo yaliyogoma. Kwa kuwa samaki walirudi mapema kuliko binadamu, baba alianza kutumia samaki. Ndugu yake, baba yetu mdogo, alimwita pono. Muuguzi alimwita nguva. Mimi aliniita chewa. Chewa, kwa asiyemjua, ni samaki mwenye mdomo mkubwa kuliko haja yake. Sijui kama ulikuwa ugonjwa au ni maoni yake ya siku nyingi. Nilimuuliza muuguzi, akasema kitaalamu hawezi kutofautisha.

Idd ilipokaribia, baba mdogo alikuja kunitembelea shuleni wakati wa mapumziko. Ni mtu mwema, na alikuja kwa wema. Alisema amefikiria sana. Siku ya nikaha anayeoza ni baba, naye baba hawezi kusema sentensi nzima, sembuse jina la bibi harusi. Ukumbi umejaa watu, wageni wa Juani wamekaa, mzee anahangaika na mdomo, wengine wanaangalia chini, wengine wanacheka. "Kaka yangu asiaibike," akasema. "Nitasimama mimi kwa niaba yake. Maneno nayajua. Nilikuoza wewe."

Ni kweli, alinioza yeye. Siku ya ndoa yangu baba alikuwa dagoni Ras Mkumbi, kwenye kambi ya wavuvi, na mashine ya boti ikawafia. Watu wa upande wa pili walikwishafika, chakula kimeiva, basi baba mdogo akasimama. Baba alirudi baada ya siku mbili na samaki wengi na uso wa kuomba radhi. Nilimnunia muda mrefu kuliko ilivyostahili. Yeye hakujitetea hata mara moja, ila kila alipomwona mume wangu mwaka ule alimsalimia kama mtu anayedaiwa.

Tukamwendea sheikh. Sheikh alisema jambo hili ni jepesi, dini haimlemei mtu: mzee akishindwa anaweza kumpa ndugu yake uwakili hata kwa ishara ya kichwa, na ndoa ni sahihi. Baba mdogo akashusha pumzi. Mimi pia. Nakiri nilishusha pumzi. Nilimpenda baba, lakini niliogopa kile kimya cha ukumbini kuliko nilivyoamini mchezo wetu. Tulirudi nyumbani, tukasimama uani tukipanga kwa sauti ndogo nani atamweleza na kwa maneno gani, na tulidhani amelala.

"Chewa!"

Nilikimbilia barazani. Alikuwa amejiinua nusu kutoka kwenye kiti, mkono wa kushoto umeshika nguzo, na alikuwa amesikia yote. Akautoa mkono kwenye nguzo, akajipiga kifua. "Mimi," akasema. Akajipiga tena. "Mimi. Mimi."

Baba mdogo alianza kulia pale pale uani, mtu mzima na kofia yake. Nilijiona mdogo sana. Nikamwambia baba, "Sawa. Wewe."

Zilibaki wiki tano. Muuguzi aliposikia habari hakusema inawezekana wala haiwezekani, alivuta kiti. Akaniagiza niandike maneno ya kuozesha kwenye karatasi, halafu akaniambia niichane karatasi, kwa sababu baba hakuwahi kupata neno kwa kusoma. Tukayafanya maneno yale kuwa sehemu ya mchezo. Akimtambua mnyama, anataja mnyama, kisha anasema, "Nimekuoza binti yangu." Akishindwa, anatoa mji, kisha anasema, "Nimekuoza binti yangu." Mwanzoni yalikwama kwenye "nime". Kisha yakakwama kwenye "oza". Wiki ya tatu yalikuwa yanatoka kama Fatiha, na ikatokea siku moja akamwoza muuguzi kwa kasa mzee wa kwenye picha, mahari akaitaja mwenyewe kuwa ni pweza wawili. Nyumba nzima ilicheka. Nilisahau kwa saa nzima kwamba jina bado halijapatikana.

Nilijaribu na hilo. Katikati ya picha za ngisi na mizia niliingiza picha ya mdogo wangu, amesimama ndani ya maji ya magoti na fungu la mwani begani. Baba aliipokea simu akitegemea samaki. Alipoona ni nani, mdomo wake ulianza, ukaacha, ukaanza. Akaigusa picha usoni. Akaisema herufi ya kwanza, nina hakika niliisikia, kisha ikapotea, na akanirudishia simu kwa upole kama mtu anayerudisha sahani ambayo hakuweza kuimaliza. Hakuwa na hasira safari hii, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nikamgeukia muuguzi. Nilimwambia tumemdanganya mzee kwa midudu na miji, tumempa matumaini, na sasa atasimama mbele ya watu akamwoza binti yake kwa jina la samaki. Nilisema mengi. Muuguzi alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimewahi kukaa na wagonjwa ambao hawataki kitu. Baba yako anataka. Kama utamnyima kujaribu kwa sababu ya hofu yako wewe, sema ni hofu yako wewe." Akavaa kofia yake ya pikipiki akaondoka bila kunywa chai. Wiki iliyofuata alirudi na picha ya pimbi, na mimi nikamkaribisha chai kabla hajakaa.

Wiki ya mwisho nilikuwa na kazi nyingi mno za kupika na kupokea wageni hata nikakosa nafasi ya kuogopa. Mdogo wangu alikuja kutoka Juani siku tatu kabla, viganja vimekakamaa kwa chumvi, na akawekwa ndani kupakwa hina. Kila alasiri alimsikia baba barazani akirudia maneno yake. Kila mara aliyafikisha hadi "binti yangu", kisha kimya. Mdogo wangu alikuwa ananyoosha shingo kusikiliza, halafu anarudi kutazama mikono yake.

Nikaha ilifungwa nyumbani kwetu asubuhi, kwa sababu baba hakuweza kutembea hadi msikitini. Wanaume walijaa ukumbini juu ya mikeka. Sisi wanawake tulikuwa chumba cha pili, pazia jembamba likitutenga, bibi harusi juu ya kitanda na hina yake na dhahabu ya shangazi. Muuguzi alikuwa amekaa sakafuni karibu nami, amevaa gauni jipya na ushungi alioazima kwangu. Alikuwa ameushika mkono wangu tena kama siku ya taa.

Kupitia upenyo wa pazia nilimwona baba. Kanzu nyeupe, kofia mpya, mkono wa kulia tumemwekea juu ya mto. Bwana harusi ameketi mbele yake, kijana mpole wa Juani, jasho limemlowesha kola. Baba mdogo amekaa nyuma ya kaka yake, karibu sana, tayari kwa lolote. Sheikh alisoma khutba, akamaliza, akainama akamwambia baba kwa sauti ya kawaida tu, "Mzee, bismillahi."

Baba akaushika mkono wa bwana harusi kwa mkono wake wa kushoto. "Nimekuoza," akasema.

Sheikh akamtikisia kichwa, endelea.

"Nimekuoza binti yangu," akasema.

Niliona mdomo wake unaanza kutafuta. Niliona mgongo wa baba mdogo unasogea mbele kidogo. Nikafumba macho, na ndani ya chumba chetu nikamsikia mdogo wangu ameacha kupumua.

Kisha baba akalitaja jina. Alilitaja kwa sauti kubwa, wazi, lote, kama alivyokuwa akiliita kutoka ufukweni nilipokuwa mtoto nisiyetaka kurudi nyumbani. Jina langu.

"Nimekubali!" akadakia bwana harusi, ambaye alikuwa amekariri jibu lake kwa wiki nzima na hakuwa na masikio ya kitu kingine.

Ukumbi ukalipuka. Sheikh alikuwa ameinua mikono yote miwili, anasema subirini, subirini, haikufungwa, huyo ana mume! Na mume mwenyewe, mume wangu, baba wa watoto wangu watatu, alikuwa amekaa bega kwa bega na bwana harusi, na nilimsikia akisema kwa mshangao, "Jamani, nipo." Wazee wa Juani walikuwa wanajifuta machozi kwa ncha za vilemba. Baba alikuwa amegeuza uso huku na huku, hajaelewa. Baba mdogo akamnong'oneza. Nikaona kunampambazukia, na nikaogopa kuona aibu inaingia usoni mwake. Haikuingia. Alianza kucheka, kicheko chake cha upande mmoja, akacheka mpaka kofia ikamwangukia jicho, na sheikh mwenyewe akamrekebishia.

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekaa chini na kanga mdomoni, nalia kwa nguvu, siwezi kujizuia, na muuguzi ananipiga mgongoni huku naye analia. Mdogo wangu aliinama kutoka kitandani na mikono yake yenye hina hewani, asiweze kunigusa.

"Dada, una nini?" akaniuliza. "Harusi yangu hii."

"Ameniita," nikamwambia. "Umesikia? Ameniita mimi."

"Nimesikia. Kila mtu amesikia."

"Ameniita kwa jina langu."

"Dada," akasema, "nyamaza basi, na mimi nisikie langu."

Nikafuta uso, nikanyamaza. Upande wa pili wa pazia kicheko kilikuwa kinapungua, sheikh anamwomba bwana harusi asikilize kwanza kabla ya kukubali. Baba akashika mkono wa kijana upya. Akaanza tangu mwanzo, nimekuoza binti yangu, akatulia kidogo, hakuharakishwa na mtu, akalitaja la mdogo wangu.